Kliniki ya watoto nyuma ya soko, Busia: nyota nne kati ya tano

Iko Busia upande wa Uganda, mlango wa kijani. Jina silitaji, kwa sababu nina malalamiko pia na mwenyewe ni jirani yangu.

Niliwapelekea mjukuu wangu, mwaka mmoja na ushee, baada ya boda kuteleza kwenye matope na mtoto kurushwa kutoka mapajani mwa shangazi yake. Alikuwa na nundu laini juu ya sikio. Nyumbani walishasema apewe dawa ya maumivu alale.

Daktari hakuikimbilia nundu. Alichungulia nyuma ya masikio kutafuta weusi, akapangusa pua na kuuliza kama kuna maji yaliyotoka, yasiyo makamasi. Kumbe fuvu likipasuka kitakoni, maji ya ubongo huvujia puani au sikioni, na kwa njia hiyohiyo vijidudu hupanda na kuleta homa ya uti wa mgongo. Akagusa utosi, akauliza kutapika, degedege na usingizi. Kisha akaandika barua twende Mbale, usiku huohuo, kupiga picha ya CT, ile inayoonyesha mfupa na ubongo ndani. Mashine ya eksirei anayo pale pale, lakini hakutuuzia.

Picha ilionyesha ufa mwembamba; mfupa haukubonyea, wala damu haikuvujia ndani. Ufa kama huo kwa kawaida hujiunga wenyewe, na mtoto aliangaliwa tu, hakupasuliwa.

Nyota zangu ni za yaliyofuata. Walitaka tumrudishe kwa miezi kadhaa wampapase na kumpima kichwa kwa utepe. "Mzee," daktari aliniambia, "chini ya miaka mitatu ubongo unakua mbio." Utando mgumu unaoufunika ukiwa umechanika chini ya ufa, ubongo na maji yake husukuma hapo, na ufa hupanuka badala ya kuziba. Ni nadra. Dalili ni uvimbe unaojitokeza wiki au miezi baadaye, nundu ya kwanza ilishakwisha, pengine unadunda ukiugusa. Huo ni wa kupasuliwa na kushonwa utando. Ukiachwa, mtoto aweza kupata kifafa au kulegea upande mmoja.

Nyota moja nimewanyima kwa mapokezi. Binti wa pale ananong'ona namba huku jenereta inanguruma, na bei haijabandikwa popote: leo 20,000, safari nyingine 25,000, kwa kichwa kilekile. Risiti mpaka uidai. Jumamosi alasiri msiende, daktari huwa Tororo.