Wiktionary kwa vitenzi vya Kiserbia na Kikroatia: jedwali safi, maelezo kiduchu

Kama unajifunza Kiserbia au Kikroatia na hutaki kulipia kitu, Wiktionary ile ya Kiingereza (kamusi ya bure ya mtandaoni) inakutosha kabisa kwa upande wa vitenzi, mi naipa nyota nne kati ya tano. Usihangaike kutafuta Kikroatia peke yake, Kiserbia, Kikroatia, Kibosnia na Kimontenegro zote wamezirundika chini ya kichwa kimoja, Kiserbokroatia.

Chukua pisati, kuandika. Juu kabisa unapewa neno kwa herufi za Kilatini na za Kisirili, halafu kuna kaalama kanakokwambia kitenzi ni cha tendo linaloendelea au lililokamilika, hako usikaruke jamani maana ndo mtihani wenyewe wa hii lugha. Pisati uko kwenye kuandika, au ndo kazi yako ya kila siku, ila barua ikishaisha hapo ni napisati. Na ukibadilisha kipande cha mbele maana inahama, potpisati kusaini, opisati kuelezea, prepisati kunakili, yaani sisi tunachezea mkia (andikia, andikisha) wenzetu wanachezea kichwa.

Jedwali ndo limenipendeza zaidi. Pišem, pišeš, piše, pišemo, pišete, pišu, ona ile s imegeuka š kote, na kwa kuangalia pisati tu usingekisia. Wakati uliopita mwanaume anasema pisao sam, mwanamke pisala sam, kwa hiyo dada usibebe tu ya kiume ilivyo. Wakati ujao Mkroatia anaandika pisat ću na Mserbia pisaću, ukisikia kwa masikio ni kitu kilekile, tofauti iko kwenye maandishi.

Nyota moja nimeikata kwa sababu jedwali linapanga nyakati zote sawasawa kama vile zote zinatumika mtaani. Pisah, umbo la zamani la wakati uliopita (niliandika), imo humo na mpya wetu ataikariri bure, watu kwenye maongezi wanasema pisao sam basi. Lakini odoh, ambayo nayo ni umbo la zamani (aoristi, yaani wakati uliopita wa kizamani, ya otići, kuondoka), iko hai kabisa, mtu anaitamka bado amesimama mlangoni, kama sisi tunavyosema "haya jamani nimeondoka" na mguu haujanyanyuka. Hiyo raha jedwali halikupi. Wala halikwambii kwamba Mserbia atapenda moram da pišem, lazima niandike, wakati Mkroatia atasema moram pisati.

Kingine, ule mkwaju juu ya í kwenye kichwa cha neno, písati, ni wa kuonyesha matamshi tu, ukiandika meseji uache. Ila š, č, ć, ž na đ ni herufi kamili, hizo usiziache.