blink-182, One More Time...: dramu ndizo zimeibeba

Kama una haraka na albamu hii ya blink-182, bendi ya roki ya Marekani, sikiliza wimbo wa kwanza tu, "Anthem Part 3". Travis Barker, mpiga dramu wao, anaingia hata hujakaa sawa, snea (ile ngoma kali ya katikati) inapasua, matoazi hayapumui, na kabla ya kiitikio anapitisha vijiti kwenye ngoma zote kama mtu anayeshuka ngazi mbio bila kushika ukuta. Mimi napiga dramu kwenye kwaya ya Kiswahili hapa London, kwa hiyo sikio langu huanzia huko. Nimejaribu kuuiga ule mwanzo wakati wa mazoezi. Mwalimu wa kwaya akaniangalia tu, nikarudi kwenye pambio.

Albamu ilitoka 20 Oktoba 2023, nyimbo 17, dakika kama 45 hivi. Prodyuza ni Barker mwenyewe. Mara ya mwisho yeye, Mark Hoppus (besi na sauti) na Tom DeLonge (gitaa na sauti) kutoa albamu nzima pamoja ilikuwa 2011. Baadaye Tom akajitoa, nafasi yake akaishika Matt Skiba. Mwaka 2021 Mark akaugua saratani, na Tom akarudi kwa rafiki yake. Barker naye alishaponea chupuchupu mwaka 2008, ndege ilipoanguka South Carolina na kuua watu wanne.

Haya yote wameyaweka waziwazi kwenye wimbo uliobeba jina la albamu. Gitaa linakwenda taratibu, Tom na Mark wanapokezana, wanaulizana kwa nini mpaka mtu augue au ndege ianguke ndipo watu wapatane. Wanaume wa kwetu Tanga hatuulizani hivyo. Tukigombana tunatumiana salamu kupitia mtu wa tatu, na yakizidi tunakutana msibani, tunashikana mikono kana kwamba hakukuwa na kitu. Nilimtumia kaka yangu wimbo huu bila maelezo. Akajibu: "Hawa wahuni wameanza lini kulia?" Halafu usiku sana, kwao huko, akanitumia tena: "Una kiungo cha ule wimbo? Nimeufuta." Kwangu mimi wimbo huo peke yake unalipia bando.

Lakini nyimbo 17 ni nyingi mno. "Turn This Off!" una sekunde 23, utani wa chooni wa kizamani, nao ukiusikia mara moja inatosha. "Fell in Love" umeazima kwa The Cure, bendi ya Uingereza, unachangamka, unapita. Kinachonikera zaidi ni jinsi kazi ilivyopikwa: kila kitu kimepandishwa juu, gitaa, sauti, makofi, hakuna mahali pa kuvuta pumzi. Na sauti ya Tom, ile ya puani tuliyoipenda ikiwa na makunyanzi yake, hapa inasikika kama imepigwa pasi. Barker angejibana kidogo kama prodyuza, Barker mpiga dramu angesikika vizuri zaidi.

Ziara ilianza kabla ya albamu yenyewe, Mei 2023 huko St. Paul, Minnesota. Ulaya wakaanza kwa mkosi: Barker aliitwa nyumbani kwa dharura ya familia, shoo za Glasgow, Belfast na Dublin zikaahirishwa. Mimi niliwaona vuli ileile. Tiketi ilinitoa jasho, na kiti kilikuwa juu kabisa, kwa hiyo usiku mzima nilikodolea skrini. Walifungua na "Anthem Part Two" na kufunga na "Dammit", zote nyimbo zao za zamani, na mtu wa kiti cha jirani, mzee mwenye koti la ofisini, aliimba kila neno mpaka sauti ikamkauka. Jukwaani hakuna kupigwa pasi. Tom anakosea noti, Mark anamtania, dramu zinagonga kifuani. Ukipata nafasi ya kuwaona, nenda, ila nunua tiketi ya chini ya kusimama au kaa nyumbani.

Septemba 2024 wakaongeza nyimbo nane, kwenye toleo waliloliita Part-2. Usianze nazo. Anza na ule wimbo wa kwanza, uende kwenye wenye jina la albamu, umalizie na "Childhood". Zilizobaki zisikilize ukiwa unaosha vyombo. Nyota tatu na nusu kwa albamu, nne na nusu kwa shoo.