Uzoefu wangu na tangi la Aspire Nautilus, na namna ninavyochagua tangi linaloendana na kifaa

Tangi la sigara ya kielektroniki (vepu), yaani chombo kinachobeba kimiminika cha kugeuzwa mvuke, ninalolitumia hapa Kisumu ni Aspire Nautilus, lile la awali lenye ujazo wa mililita 5, nikiwa nimelifunga kwenye kifaa cha betri moja ya 18650 (saizi ya betri ya lithiamu yenye umbo la mche duara) ambacho wati zake hurekebishwa kwa vitufe. Nalipendekeza kwa mtu mzima aliyeacha sigara na anayetaka mvuto unaokaribiana na ule aliouzoea. Asiyevuta sigara hana sababu ya kuanza, kwa kuwa nikotini hujenga uraibu hata ikipitia chombo gani. Mapendekezo yangu yana sharti moja kubwa, nalo ni kwamba kifaa, betri na kimiminika cha mtumiaji viafikiane na koili, yaani waya unaopasha kimiminika joto, iliyomo ndani ya tangi.

Nasisitiza sharti hilo kwa sababu madukani halizungumzwi. Ukiingia katika duka la vepu hapa mjini na kuuliza kama tangi fulani litafaa kifaa chako, jibu huwa fupi: "Litaingia tu, bosi, uzi ni mmoja." Ni kweli uzi, yaani mizunguko kama ya skrubu inayofungia tangi kwenye kifaa, ni mmoja. Kifungio cha 510, kilichotokana na sigara ya kielektroniki ya kampuni ya Joyetech iliyoitwa hivyo, ndicho kinachopatikana kwenye vifaa vingi mno vinavyofungwa matangi. Vifaa vya podi, yaani vile vyenye kichupa kidogo cha kimiminika kinachochomekwa, ndivyo vilivyojitenga, maana kwa kawaida kila kampuni huvitengenezea podi zake yenyewe. Lakini kushikana kwa vyuma viwili hakumwambii mnunuzi kama betri itahimili mkondo utakaovutwa, wala kama utambi wa pamba ulio ndani ya koili utaweza kunyonya kimiminika alicho nacho nyumbani.

Kwa hiyo nasoma koili kwanza. Maandishi madogo ubavuni mwake hutaja ukinzani kwa omu, na mara nyingi kiwango cha wati pia. Koili ninayoitumia ndani ya Nautilus ni ya omu 1.8, iliyopangiwa wati 10 hadi 14. Betri ya lithiamu iliyojaa hutoa volti 4.2, ukigawanya kwa 1.8 unapata mkondo wa ampea 2.3 hivi na nguvu inayokaribia wati 10, kazi ambayo betri yoyote nzuri ya 18650 huifanya bila shida. Chukua sasa koili ya omu 0.15, ya yale matangi makubwa yanayotoa mawingu ya mvuke. Ikifungwa kwenye kifaa kisicho na saketi ya kudhibiti umeme, volti zilezile zitasukuma ampea 28, yaani karibu wati 118, kwenye betri ambayo huenda ilitengenezwa kwa ampea 10 au 20 tu. Betri zinazotolewa kwenye kompyuta za mkononi zilizoharibika na kuuzwa kwa bei ya chini zina umbo lilelile la 18650, lakini hazikukusudiwa kazi nzito namna hiyo, na simshauri mtu yeyote kuzitumia kwenye kifaa cha kuvuta.

Kifaa chenye saketi, kama changu, kina hesabu tofauti kidogo ambayo watu wengi huiruka. Humo mkondo wa betri huamuliwa na wati ulizochagua pamoja na volti zilizobaki kwenye betri. Wati 80 zikiombwa kutoka kwa betri moja iliyoshuka hadi volti 3.2 zitahitaji ampea 25, na hapo betri inateswa wakati ambapo haina nguvu. Ndiyo maana naona tangi la wati nyingi halifai kifaa cha betri moja, hata kama skrini inaruhusu namba hizo. Nautilus kwa wati 12 hainiletei wasiwasi wowote, na betri inanifikisha jioni.

Kuna jambo moja la usalama ambalo ningependa kila muuzaji alieleze. Baadhi ya vifaa visivyo na saketi vimeundwa ili pini ya katikati ya tangi iguse betri moja kwa moja. Kwenye vifaa hivyo ni lazima pini hiyo ichomoze wazi kupita ukingo wa uzi. Isipochomoza, uzi wenyewe unaweza kugusa betri na kusababisha shoti, na betri ya lithiamu iliyopigwa shoti inaweza kupasuka mkononi au usoni. Matangi mengi ya koili za kubadilisha yana pini fupi isiyofaa huko. Tafadhali angalia pini kwa macho yako mwenyewe kabla ya kulipa.

Kuhusu kimiminika, koili ya omu 1.8 ina matundu madogo ya kunyonyea. Mchanganyiko wa nusu gliserini na nusu propilini glaikoli hupita vizuri, na ladha hutoka safi. Mchanganyiko wenye asilimia 70 ya gliserini au zaidi ni mzito. Pamba hukauka kati ya mvuto na mvuto, kisha koo linapata ladha ya kuungua, na mtumiaji anailaumu koili ambayo haina hatia. Upande wa pili, chumvi ya nikotini (aina ya nikotini isiyokwaruza koo sana) ya miligramu 20 kwa mililita inafaa tangi dogo la mvuto wa mdomoni kama hili, ambapo mvuke hukaa mdomoni kwanza kama ilivyo kwa sigara, lakini katika tangi la mawingu ingempa mtu nikotini nyingi kupita kiasi kwa pumzi moja. Koili mpya naidondoshea kimiminika kwenye pamba, najaza tangi, kisha naliacha kwa dakika kadhaa kabla ya kubonyeza kitufe.

Hali ya kudhibiti joto, ambapo kifaa hupunguza umeme koili inapopata joto kupita kiasi, haihusiki na koili hii. Hali hiyo hutegemea waya ambao ukinzani wake hupanda kwa kiasi kinachopimika unapopata joto, kama nikeli, titani au chuma cha pua, ilhali waya wa kanthal (aloi ya chuma, kromi na alumini), kama huu wa koili yangu, karibu haubadiliki. Kipenyo nacho ni suala la umbo zaidi: tangi la milimita 25 juu ya kifaa cha milimita 22 litafanya kazi, ila litaning'inia ukingoni na kukaa vibaya mfukoni.

Kasoro ninayoiona katika Nautilus ni kwamba hujazwa kutoka chini. Unaligeuza, unafungua kitako chenye koili, unamimina kandokando ya kioo bila kuingiza tone kwenye bomba la katikati, kisha unafunga. Kufanya hivyo ndani ya matatu ni kujitafutia kuchafuka. Mahali petu pana mtihani mwingine pia. Joto la Kisumu hukilainisha kimiminika, hasa tangi likiachwa garini mchana, na kimiminika chepesi hupenya matundu ya hewa. Halafu kuna safari ya kupanda. Kisumu iko takribani mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya Nakuru kupitia Kericho hupita kwenye vilima vya zaidi ya mita 2,000. Kanieneo ya hewa ya nje inapopungua, hewa iliyofungiwa ndani ya tangi hutanuka na kukisukuma kimiminika kupitia koili. Mimi hulijaza tangi pomoni ili hewa ya ndani iwe kidogo, au huligeuza kichwa chini ili hewa, badala ya kimiminika, ndiyo iwe karibu na koili na kutoka yenyewe. Njia hizi mbili zinanisaidia sana.

Jambo la mwisho ninalolitazama ni upatikanaji wa koili, na hapa jina hupotosha. Nautilus X ina jina la ukoo uleule, lakini koili zake ni za aina nyingine, zile zinazotumika pia kwenye PockeX (kifaa kingine cha Aspire), na haziingii katika Nautilus ya awali. Nimeona pakiti za aina zote mbili zikipangwa rafu moja kana kwamba ni kitu kimoja. Huwa nabeba koili kuukuu mfukoni na kuilinganisha na mpya, nakwangua namba ya uthibitisho kwenye pakiti na kuihakiki kwenye tovuti ya kampuni, na duka lisipokuwa na koili zenyewe pamoja na ringi za mpira na kioo cha akiba, silinunui tangi hapo.