Gemu za kujenga miji kwa mtoto: moja nimeifuta, nyingine bado tunazozana nayo

Nianze na hii ya simu, maana ndiyo iliyonipandisha presha. Jina lake nalihifadhi. Ni zile gemu zinazopakuliwa bure: mtoto anapewa cheo cha umeya, anapewa uwanja na barabara mbili tatu, anaambiwa haya, jenga mji. Wameandika kabisa kuwa inafaa kwa familia nzima. Binti yangu ana miaka tisa, aliiona kwa binamu yake likizo moja, na mwanzoni nilifurahi kumsikia anaongea habari za umeme na maji badala ya katuni.

Sasa sikilizeni mchezo wenyewe unavyokwenda. Nyumba ikitaka kuongezwa ghorofa inadai misumari, mbao, saruji. Misumari inatoka kiwandani, na kiwanda kinakusubirisha. Siku za mwanzo ni dakika chache tu. Mji ukishakua, na mtoto akishaupenda, kusubiri kunakuwa kwa saa nzima, halafu nusu siku. Pembeni kuna kitufe kinavimba na kusinyaa muda wote: maliza sasa hivi. Unalipa kwa noti za kijani, na noti zikiisha zinanunuliwa kwa hela za kweli.

Jioni moja nyumba zake zikashika moto. Zimamoto yake haifiki mtaa ule. Hapo hapo kikajitokeza kisanduku katikati ya kioo: ofa ya kituo kipya cha zimamoto, punguzo kubwa, dakika zinahesabiwa kurudi nyuma, na nyuma ya kisanduku unaona vijitu vinakimbia kutoka kwenye nyumba inayoungua. Mtoto analia. Sio kudeka, ni hofu kabisa, anasema, "Mama, watakufa." Kabla sijafika alipokaa ameshabonyeza. Simu ni ya baba yake, imeunganishwa na kadi ya benki, ikakata. Akabonyeza tena, maana moto ulikuwa umeshavuka mtaa wa pili.

Hela yenyewe Sh 40,000 na ushee. Inauma, ila kinachoniuma zaidi ni hesabu iliyopigwa. Kuna mtu mzima, amesoma, ana watoto pengine, alikaa ofisini akatafuta ni dakika ipi mtoto atakuwa na hofu kuliko zote, akaweka bei pale pale.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Nimejitambulisha kwa jina langu, nimeeleza kuwa aliyebonyeza ni mtoto wa miaka tisa. Jibu likaja baada ya siku kadhaa na linaanza, "Meya mpendwa." Meya! Mimi ni mzazi nimeleta malalamiko. Eti vinavyonunuliwa ndani ya mchezo havirudishiwi fedha, na kwa kunijali wameniongezea noti 20 za kijani. Yaani unapeleka taarifa kuwa chakula chao kimemdhuru mtoto, wanakuongezea sahani. Nikajibu kwa ukali. Likarudi lile lile, herufi kwa herufi, meya mpendwa na noti 20. Nikaifuta, nikatangaza nyumbani kuwa gemu za kujenga miji mwisho leo.

Na msimamo wangu ungebaki huo kama si mjomba wake. Yeye anayo Cities: Skylines kwenye kompyuta, ile iliyotengenezwa na Wafini wa Colossal Order ikatoka 2015. Unainunua mara moja, mtoto akicheza hakuna kisanduku cha kumdai chochote. Nilikubali kwa sharti moja, kwamba nakaa pembeni naangalia kila kitu.

Jamani. Nieleze hili la mto, maana mengine yote naweza kuyaacha.

Mto wa kwenye gemu ile una mkondo, maji yanatembea. Binti akaweka bomba la kumwaga maji taka mahali fulani, halafu pampu ya maji ya kunywa akaiweka mbele kidogo, upande ule ule maji yanakoteremkia. Mjomba aliona, akanyamaza. Baada ya muda pale kwenye bomba maji yakaanza kugeuka kahawia. Ile kahawia ikateremka taratibu, ikaifikia pampu, ikaingia. Nyumba zikaanza kuota alama ya ugonjwa, moja hapa, tatu kule, mtaa mzima. Zahanati ikaelemewa. Kuna ndege wa bluu anayeleta ujumbe wa wakazi, naye akaanza kuleta lawama. Binti akasimamisha muda (gemu hii inakuruhusu kuusimamisha ufikiri, ile ya simu haikupi hata pumzi) akawa anaukodolea mto macho. Kisha akauliza, "Mjomba, maji yanatoka wapi yanaenda wapi?" Akaonyeshwa vishale vya mkondo. Hakuambiwa neno jingine. Akaing'oa pampu, akaipandisha kule juu mtoni, akavuta mabomba upya, na wagonjwa wakapungua mbele ya macho yake.

Nilitamani nipige vigelegele. Sisi habari za maji machafu na kipindupindu tulizikariri ubaoni tukajibia mtihani. Huyu ameziona zikitokea, na ameziondoa kwa mkono wake. Mvua zilipoanza tukapita Jangwani hapa Dar, Mto Msimbazi umejaa, akakumbuka kuwa kituo kikubwa cha mabasi ya mwendokasi pale kimeshafurika maji zaidi ya mara moja. Akaniuliza kwa nini walikiweka bondeni. Mtoto wa miaka tisa anauliza swali la mipango miji ndani ya daladala! Siku ile mngeniuliza, ningesema kila shule iwe nayo.

Lakini siku chache baadaye ikaja habari ya tingatinga, nikapoa.

Michezo ya aina hii, tangu SimCity ya Will Wright ya mwaka 1989, ina kitufe cha kubomoa. Binti alikuwa na foleni kwenye makutano, anataka barabara pana. Akashika tingatinga akapitisha kwenye safu ya nyumba. Vumbi kidogo, mlio kidogo, safu imekwisha, na idadi ya wakazi kule chini imepungua. Nikamuuliza wale watu wameenda wapi. Akanijibu bila kugeuka, "Wameisha."

Wameisha! Tuliokuwa Dar mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 tunaijua bomoabomoa ya bonde la Msimbazi, tunazijua nyumba zilizochorwa X, na magodoro nje na watoto wamekaa juu ya makabati. Hakuna aliyeisha. Walienda kwa ndugu, walienda kupanga, wengine walilala pale pale kwenye kifusi. Gemu haina pa kuwaweka watu hao, inawafuta tu.

Na ukishaliona hilo unaona na mengine. Nyumba za kuishi ni rangi ya kijani, maduka bluu, viwanda njano, kila kitu na eneo lake. Nyumba yenye fremu mbili chini na familia juu haipo. Mama ntilie hayupo, genge halipo, bodaboda haipo. Kariakoo nzima haijengeki mle. Kanuni hizi zina wenyewe: Wright alichota sehemu ya mawazo ya SimCity kwa Jay Forrester, mhandisi wa chuo cha MIT Marekani aliyeugeuza mji wa Kimarekani kuwa hesabu za kompyuta. Mtoto wetu anazimeza akidhani ndivyo miji yote duniani ilivyo. Kwa hiyo lile la kila shule iwe nayo nalirudisha nyuma. Kumwacha mtoto nayo peke yake, sikubali tena.

Halafu nakumbuka kuwa UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, hawa wenye makao makuu Nairobi, tangu 2012 wanatumia Minecraft, gemu ya kujenga kwa matofali, kuwakalisha wakazi wachore viwanja vyao vya wazi wenyewe, na Kibera, mtaa wa mabanda wa huko huko Nairobi, ni miongoni mwa sehemu za mwanzo. Vijana wa mtaa wanaonyesha taa ikae wapi, njia ipite wapi, na wanabishana na wataalamu juu ya mtaa wanaoujua. Basi inawezekana. Ila pale kuna watu mezani wanaoulizana.

Kwa hiyo nyumbani kwetu nimeweka sheria ambayo gemu haina: hakuna kubomoa nyumba yenye watu kabla hujawajengea nyingine wakapata pa kuhamia, na sehemu hiyo iwe na maji na umeme. Binti kanuna, anasema namfilisi. Ni kweli hazina yake iko taabani, juzi amekopa benki ya ndani ya gemu ili amalizie mtaa wa kuwahamishia, na barabara yake pana bado haijajengwa. Foleni ipo vile vile. Nimemwambia isubiri.