Picha za miaka 30 nikiwa kwenye kiti mwendo: uzoefu wangu na studio mbili za Dar

Mwezi wa nane nimetimiza miaka 30, na kwa mara ya kwanza tangu nipate ajali nina picha zangu ninazoziangalia mpaka mwisho. Natumia kiti mwendo, huu mwaka wa tisa. Niliumia uti wa mgongo, na kuanzia chini ya kifua sina hisia. Naeleza kwa urefu kwa sababu nilipokuwa natafuta studio sikumpata mtu wa kunieleza haya, ikabidi nijue baada ya hela kwenda.

Studio ya kwanza siitaji jina. Niliwapigia simu nikauliza kama wana ngazi. Nikajibiwa, "Zipo kidogo tu dada, usijali, vijana wapo." Kufika, ni ghorofa ya pili na lifti hakuna. Vijana wawili wakaninyanyua kwa kushika magurudumu. Kwa asiyejua, gurudumu halishikwi kwa sababu linazunguka, kinachoshikwa ni fremu. Kwenye kona ya pili kiti kikaponyoka kidogo, mdogo wangu akapiga kelele, mimi nikakumbatia ukuta. Nikaingia studio mekapu imeshachuruzika na gauni lina grisi.

Halafu mpiga picha akamgeukia mdogo wangu: "Huyu atakaa hapohapo au tumhamishie kwenye sofa?" Huyu ni mimi, niko mita moja kutoka kwake. Kabla sijajibu akaleta shela nyeupe, akafunika kiti chote na mapaja yangu. Hakuniuliza. Picha zilivyokuja niliona kichwa na mabega juu ya rundo la kitambaa. Nililipa 80,000 na hakuna hata moja niliyomtumia mtu.

Studio ya pili nilielekezwa na rafiki yangu mwenye ualbino, alipigia pale picha za mahafali. Iko Sinza, nyumba ya chini, na mpiga picha ni dada wa umri wetu. Siku tatu kabla alinitumia ujumbe wa sauti WhatsApp. Kiti chako kina upana gani? Unahama mwenyewe kwenda kwenye kochi au unasaidiwa, na ukisaidiwa unashikwa wapi? Unakaa muda gani kabla hujahitaji kupumzika? Kuna sehemu ya mwili usiyotaka ionekane? Na la mwisho: kiti kionekane au kisionekane?

Hilo la mwisho lilinichukua siku nzima. Miaka yote tisa watu wamekuwa wakikificha kiti changu au kukikata kwenye picha wakiamini wananistiri, na hakuna aliyewahi kutaka kujua mimi naonaje. Nikamjibu kionekane chote, na nikakipeleka kuoshwa.

Wengine wanauziwa saa moja, mimi alinipangia mbili kwa bei ileile, 150,000 kwa picha 12 zilizohaririwa. Muda kwetu si anasa. Mtu asiye na hisia makalioni anatakiwa ajiinue kila baada ya dakika 15 hadi 30, la sivyo pale mfupa unapokandamiza damu haipiti na ngozi inaanza kufa. Kidonda cha mgandamizo kinaweza kukulaza kitandani miezi. Mtu akinikimbiza ili awahi mteja anayefuata, mimi ndiye ninayekwenda kulala na kidonda. Nilimweleza hivyo, naye akatega alamu kwenye simu yake. Ikilia, anashusha kamera, mimi nasukuma mikono na kujiinua, tunapiga stori, tunaendelea.

Sasa nifike kwenye upigaji wenyewe, maana hapa ndipo nilipoona anajua kazi. Wapiga picha wengi wanakupiga wao wakiwa wamesimama. Kamera inakutazama kutoka juu, paji la uso linakuwa kubwa, miguu inakuwa mifupi, na mtu mzima unaonekana kama mtoto anayeangaliwa na wakubwa. Huyu dada alivuta kigoda akakaa, kamera ikawa usawa wa kifua changu. Taa nazo akazishusha, kwa sababu zikibaki kimo cha mtu aliyesimama zinatupa kivuli cheusi chini ya macho na kidevu. Kisha akaangalia mabega yangu. "Hizo za kuegemeza mikono zinatoka? Zinakupandisha mabega. Utatoa mwenyewe au nikusaidie?" Nikatoa mwenyewe. Shingo yangu ikaonekana, kitu ambacho kwenye picha zangu nilishakisahau. Na katika zile saa mbili hakugusa kiti bila kuomba. Mkono wa mtu kwenye kiti changu nausikia kama mkono begani.

Gauni lilikuwa refu, la satini, na satini na spoku za gurudumu haziivi. Akalikunja na kulibana kwa vibanio vya nguo, kimoja akakipitisha chini ya paja. Nikamwambia pale sisikii, kikibana nitakuja kukuta jeraha usiku. Akasimama palepale, akakitoa, akabana kwenye ukingo wa mto wa kiti. Kisha akaniomba nipitishe mkono chini ya mapaja mwenyewe nihakikishe hakuna kilichobaki. Nikapitisha. Tangu siku hiyo nafanya hivyo kila ninapovalishwa nguo na mtu mwingine.

Mguu wangu wa kushoto huwa unaanza kutetemeka wenyewe. Ulipoanza, kamera ikashuka, na hakuna aliyeniuliza "vipi, unaumwa?" Nikakandamiza goti, ukatulia, tukaendelea.

Picha nne za mwisho tulipiga wawili, mimi na huyo rafiki yangu. Macho yake hayavumilii mwanga mkali na huwa yanachezacheza yenyewe, kwa hiyo flashi ikazimwa, tukasogea dirishani kwenye pazia jeupe. Kazi ikawa rangi. Mimi ni mweusi hasa. Kamera ikipima mwanga kwa ngozi yangu, yeye anageuka karatasi tupu bila pua wala mashavu. Ikipima kwa yake, mimi napotelea gizani. Dada yule hakusema "tutarekebisha kwenye kompyuta". Alinisogeza mimi karibu na dirisha, rafiki yangu akamrudisha nyuma hatua mbili kwenye stuli fupi, nyuso zetu zikawa kimo kimoja. Akapiga nyingi sana mfululizo ili apate zile ambazo macho ya mwenzangu yametulia. Katika picha iliyochaguliwa nyusi zake zinaonekana moja moja, na kishimo cha shavu langu kipo.

Kasoro zipo, na nilimwambia ana kwa ana. Mlangoni kuna ngazi mbili, kimo chake kama sentimita 30, na wameweka ubao wa mita mbili. Kipimo kinachokubalika ni kila sentimita moja ya kimo ipate sentimita 12 za urefu, maana yake pale panahitaji kama mita tatu na sentimita 60. Kupanda nilisukumwa, kushuka nilishushwa kinyumenyume mtu akiwa nyuma yangu. Anayekwenda peke yake hataweza. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010, na inataka sehemu zinazohudumia umma zifikike. Kwa hiyo ubao mrefu zaidi ni haki ya mteja, hata kama wahudumu wote ni wakarimu. Nje pia wamemwaga kokoto, na magurudumu madogo ya mbele yanazama.

Kosa lililoniuma ni la kwenye uhariri. Picha zilipofika, kovu langu la shingoni halikuwepo, lile la upasuaji wa siku ya ajali. Aliyehariri ni kijana wa ofisini ambaye hakuwepo siku ya kupiga. Nilikaa nikiangalia shingo laini isiyo yangu. Nikaandika kwamba kovu hilo ndilo lililoniacha hai, naomba lirudi. Dada akanipigia mwenyewe, akaomba radhi, na baada ya siku mbili picha zote 12 zikarudi na kovu lake. Swali la kovu ameshaliongeza kwenye yale anayouliza mwanzo. Kwa bei yao, ningewapa alama zote kama si mlango na choo.

Choo sasa. Mlango wake tulipima pamoja kwa futi ya fundi: sentimita 68. Kiti changu kina 64, kwa hiyo kinapita, lakini mikono inayosukuma haipiti, nilichubuka vidole viwili. Kiti kipana zaidi kingebaki nje. Ameniambia fundi anakuja kung'oa fremu kabla ya Disemba. Nimeshaweka nafasi tarehe 27 kwa picha za familia, mama atakuwa na mkongojo wake na mimi na kiti, na futi naibeba.