Uzoefu wangu: Dakota ya plastiki ya 1/72 kutoka boksi la zamani

Niliikuta kwenye duka la mitumba hapa Leicester, boksi limefubaa na kona moja imebonyea, pauni 7. Ndani mlikuwa na modeli ya kuunganisha ya Douglas C-47, ndege ya usafirishaji ambayo Waingereza waliiita Dakota, ndogo mara 72 kuliko ya kweli, vipande vyote bado vimeshikana na fremu zake. Sikubishana na bei. Marehemu baba aliwahi kupanda Dakota za East African Airways, kabla shirika halijavunjika mwaka 1977, na alipenda kusimulia kwamba ukishaingia mlangoni unapanda kilima kufika kwenye kiti, maana ndege yenyewe imekalia mkia. Kwa mjenzi hiyo ni nafuu: hakuna haja ya kujaza madini ya risasi puani kama uzito ili modeli isimame sawa.

Kwanza osha vipande kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Plastiki ya zamani huwa na mafuta ya kiwandani, na rangi haishiki.

Kalibu la modeli hii ni la enzi nyingine, na linaonekana. Ribiti, yaani vichwa vya misumari ya kushikilia bati, zimetapakaa kila mahali kama upele. Nilipima moja nikapata nusu milimita. Zidisha mara 72, kwenye ndege halisi ingekuwa pana kuliko kizibo cha soda! Nilizipunguza kwa msasa laini jioni tatu mfululizo, nikaziacha chache kwa heshima ya wazee. Injini nazo ni mzaha. Ya kweli ina silinda 14 katika safu mbili za saba saba; hizi ni visahani viwili vyenye safu ya mbele tu. Ukishafunika na pangaboi, hakuna atakayechungulia.

Vioo ndivyo vilivyonitoa jasho. Kila dirisha ni kipande chake, kidogo kama punje ya mchele, na unakitia kwa ndani kabla hujaunganisha pande mbili za bodi. Nilitumia gundi kidogo mno nikiogopa kuvitia ukungu. Bodi ikaungana, ikakauka, nikaishika kupiga puti (ya kuzibia nyufa), nikasikia "tiki". Kioo kimoja kimedondokea ndani, na hakitoki tena. Shimo lake nimeliziba kwa gundi nyeupe ya mbao, ambayo ikikauka inang'aa kama kioo. Kusema kweli imetoka safi kuliko vile vya kwenye boksi.

Bawa la kulia liliacha ufa wa karibu milimita mbili. Puti, msasa, puti tena.

Halafu stika, zile alama za ndege zinazoloweshwa majini kabla ya kubandikwa. Zilikuwa zimegeuka njano, nikazibandika dirishani wiki nzima zipaukie juani (jua la Leicester, lakini lilitosha). Weupe ulirudi. Nilipozitia majini, ile mistari myeupe na myeusi ya uvamizi wa Normandy, 1944, ikakatika vipande vipande kama kaukau. Kosa langu: stika kuukuu hupakwa vanishi kwanza, ndipo ziloweshwe.

Nikaagiza stika nyingine kwa pauni 9, ghali kuliko ndege yenyewe, nikabadili mpango: Dakota KG374 ya rubani Mwingereza David Lord. Tarehe 19 Septemba 1944 alikuwa akiwadondoshea mizigo wanajeshi wa Uingereza waliozingirwa Arnhem, Uholanzi, injini ya kulia ikapigwa na kushika moto. Alimaliza kudondosha, akaambiwa yamebaki makontena mawili, akazunguka akarudi tena. Bawa likakatika. Aliyenusurika ni mwelekezi wake tu, Harry King, na Lord akatunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, akiwa ameshakufa. Baada ya kujua hayo, ule ufa wa bawa la kulia niliurudia msasa mara ya tatu.

Kazi yote imekula wiki sita za jioni. Mabawa yanafika sentimita 40, kwa hiyo pima kabati lako kabla ya kununua. Mwanangu akipita huiinua na kuitikisa asikie kile kioo.

Nampa muuzaji nyota nne, boksi nyota mbili na nusu. Kama hujawahi kushika puti, anza na modeli ya kalibu jipya. Mimi nikiona nyingine kwa pauni 7 nachukua, ila stika nitaagiza kabla sijafungua gundi.