Dawa za viroboto zilizopo madukani: ya mbwa, ya paka, na zile za kuziacha hapohapo kwenye shelfu

Habari wadau. Naandika hii kwa sababu kila nikiingia duka la dawa za mifugo nakuta mtu anasema "nipe dawa ya viroboto" anapewa, analipa, anaondoka, haulizwi ni ya mnyama gani, ana kilo ngapi wala ana umri gani. Na hapa Dar siku hizi dawa zimejaa, kuna matone, vidonge, kola, shampuu, poda na zile za kuchanganya na maji, bei zinapishana kinoma, na ile ya bei chee mara nyingi ndo inayoweza kukuulia paka. Nyumbani nina mbwa mmoja wa ulinzi, mkubwa tu, na paka wawili wanaolala popote wanapojisikia ikiwemo mgongoni kwa huyo mbwa, kwa hiyo kwangu dawa ya mbwa haitoshi kuwa salama kwa mbwa, lazima iwe salama na kwa anayelala juu yake.

Nianze na paka maana wao ndo wenye kazi. Nimetulia na matone ya fipronili, ile pipeti ndogo ya nusu mililita iliyoandikwa ya paka. Frontline ndo jina ambalo wengi wanalijua, ipo ya kawaida na ipo ile Plus ambayo wameongeza S-methopreni ya kuzuia mayai yasianguliwe, ukiwa na uwezo chukua hiyo ya pili maana kuua viroboto wakubwa tu ni nusu ya kazi. Sasa kupaka kwenyewe ndo watu wanaharibu. Msubiri paka awe ameshiba katulia, gawanya manyoya nyuma ya shingo, juu kabisa karibu na kichwa ambako ulimi wake haufiki, mpaka uione ngozi yenyewe, weka ncha ya pipeti kwenye ngozi halafu minya. Ukiminyia juu ya manyoya dawa inatiririka ubavuni, paka anageuka analamba, na muda si mrefu mate ya povu yanaanza kumtoka na wewe unaanza kupiga simu huku na kule. Kwa fipronili mate hayo kwa kawaida yanaisha yenyewe baada ya muda mfupi, ila dawa ishapungua na hela yako imeenda. Usimuogeshe siku 2 kabla wala siku 2 baada. Na kama una watoto wanaofuga sungura kaa nayo mbali kabisa, fipronili kwa sungura ni hatari.

Kuna Advantage pia, yenye imidaklopridi, hii inaua viroboto vizuri tu lakini kupe haiwagusi, kwa paka asiyetoka nje inatosha sana. Zote mbili kwa ujumla ni kuanzia wiki 8, soma boksi.

Haya, sasa hapa naomba usome polepole. Kuna matone ya mbwa yenye permethrini, mfano Advantix, ambayo kwa mbwa ni dawa nzuri sana inafukuza hadi mbu, na kwa paka ni sumu. Sio "haifai", ni sumu. Ini la paka haliwezi kuivunjavunja permethrini kama la mbwa, inabaki mwilini inashambulia mishipa ya fahamu, ndani ya masaa machache masikio yanaanza kuchezacheza, mate, miguu inatetemeka, halafu degedege, na wengine wanakufa. Na pipeti moja ya hayo matone karibu nusu yake ni permethrini tupu! Kuna duka moja kijana wa kaunta alinitolea ya mbwa, nilipomwambia nina paka akajibu "dada paka unampa kidogo tu, nusu yake". Nilirudisha mkono. Hakuna nusu hapo, tone chache tu kwa paka wa kilo 3 zinaweza kuleta balaa, na wala huhitaji kumpaka yeye, akijisugua au kumlamba mbwa aliyepakwa kabla hayajakauka inatosha kabisa. Ndo maana mimi sinunui kabisa hata kwa ajili ya mbwa, na kama wewe una mbwa peke yake basi itumie kwa raha zako.

Najua kuna mtu atauliza, mbona vyandarua vina permethrini na paka analala kitandani? Kweli, Olyset zile zinazotengenezwa Arusha zina permethrini, lakini humo ni asilimia 2 na iko ndani ya nyuzi inatoka kidogokidogo, huwezi kufananisha na kimiminika unachomwagia ngozini.

Ikitokea bahati mbaya paka kapakwa ya mbwa, usisubiri dalili. Muoshe na sabuni ya kuoshea vyombo na maji ya uvuguvugu, sio ya moto, mkaushe, mfunge taulo asipate baridi, kisha mbio kwa daktari wa mifugo na boksi la dawa mkononi ili ajue anapambana na nini. Ile habari ya kumnywesha maziwa kwa nguvu acheni jamani, mnyama anayetetemeka anapaliwa, maziwa yanaingia mapafuni, unampa tatizo la pili.

Mbwa wangu nilimhamishia kwenye vidonge. NexGard na Simparica ni kimoja kwa mwezi, Bravecto kimoja kinakaa kama wiki 12, na raha yake ni kwamba hakuna kitu kwenye manyoya, paka wanaweza kumlalia na kumlamba dakika hiyohiyo. Kinauaje? Kiroboto anang'ata, anakunywa damu yenye dawa, anakufa. Kwa hiyo atang'ata kwanza, usishangae. Kupe nao wanakwenda, na kwa hapa kwetu hilo ndo kubwa zaidi maana yule kupe wa kahawia wa mbwa ndo anayeleta ehrlichia, ugonjwa wa damu wa mbwa, ambao gharama yake kutibu ukiulinganisha na kidonge utanunua kidonge bila kuulizwa mara mbili. Mbwa wangu anakitafuna kama nyama, nampa na chakula. Ila angalizo: mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, mwaka 2018 ilitoa tahadhari kwamba hili kundi zima la isoksazolini, ambamo vidonge hivi vyote vitatu vimo, limeshaleta mitetemeko na degedege kwa baadhi ya mbwa na paka. Hawakuzitoa sokoni, wanasema kwa walio wengi bado ni salama, lakini kama mbwa wako ana historia ya kifafa mwambie daktari KABLA hujanunua. Na tafadhali usinunue kidonge cha mbwa wa kilo 40 ukakata vipande ugawie mbwa 4 wa mtaani, hakuna anayekuhakikishia kila kipande kina dawa sawa.

Kola sina mengi. Seresto ni kitu cha maana, ina imidaklopridi na flumethrini, inakaa hadi miezi 8, ipo ya paka na ipo ya mbwa, tatizo lake ni feki, zimezagaa dunia nzima. Zile za rangirangi zenye kengele zinazouzwa barabarani bila hata jina la dawa iliyomo, nunua kama urembo ila sio dawa. Shampuu inaosha viroboto waliopo leo, kesho wapo wengine.

Tuje kwenye kundi la "mbona babu alitumia". Kwanza dawa ya josho. Watu wanachukua Triatix ya ng'ombe wanakoroga kwa macho kwenye ndoo wanamuogesha mbwa, na zamu ikifika kwa paka naye anachovywa. Iliyomo ni amitrazi, dawa ya kupe na utitiri, kwa viroboto haina maana yoyote, kwa hiyo unamlewesha mnyama kwa sumu na viroboto wanabaki wanakucheka. Kwa paka usithubutu. Poda za kuku na za bustani nazo hivyohivyo, paka anajilamba mwili mzima kutwa, chochote unachomnyunyizia kinaishia tumboni. Mafuta ya taa yanababua ngozi. Kitunguu saumu kinaharibu chembe nyekundu za damu za paka na mbwa, na paka ndo anaumia zaidi. Mafuta ya karafuu, najua ndugu zangu wa Unguja na Pemba mtanitolea macho, lakini ini la paka lilelile lililoshindwa permethrini linapata tabu na hayo pia. Zile chupa za maji zilizojazwa dawa nyeupe "ya kila mdudu" bila lebo sizizungumzii, unajua mwenyewe.

Watoto wa paka chini ya wiki 8 wana mambo yao. Hao unatumia kitana, kile chenye meno ya kubanana cha kutolea chawa, na bakuli la maji yenye sabuni pembeni. Unachana kuanzia shingoni kwenda mkiani, unachovya, kiroboto anazama. Ukiona punje nyeusi kama pilipili manga na hujui ni uchafu au vipi, ziweke kwenye tishu nyeupe iliyolowa, zikisambaza wekundu wa kahawia basi ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya mtoto wako hiyo. Fungua na mdomo, fizi zikiwa nyeupe badala ya waridi mpeleke hospitali siku hiyohiyo, viroboto wengi wanammaliza damu kitoto kidogo kama hicho hadi kufa. Na ukiona vitu kama punje za mchele karibu na mkia ni minyoo ya tegu wanaoambukizwa kwa kumeza kiroboto, kwa hiyo dawa ya minyoo inaongezeka kwenye bili.

Wanaolalamika "nimepaka na bado wapo, dawa feki" mara nyingi dawa haina kosa. Kiroboto jike anaweza kutaga mayai 40 hadi 50 kwa siku, yanadondoka kwenye mikeka, kwenye kochi, chini ya kitanda, na kabla ya kuwa mkubwa anajifunga kwenye kifuko ambacho dawa nyingi za kupulizia hazipenyi. Humo anaweza kukaa miezi, akisikia joto na mtikisiko wa mtu anatoka. Si ushawahi kwenda kwa wazee Krismasi, nyumba imefungwa, unarudi unafungua mlango viroboto wanakurukia miguuni? Ndo hao. Kwa hiyo fagia kila siku kwenye kona, mikeka na matandiko yafue kwa maji ya moto uyaanike juani, na wanyama wote wa nyumba wapewe dawa kwa wakati mmoja, kila mmoja ya kwake, maana kiroboto wa mbwa na wa paka kwa sehemu kubwa ni yuleyule. Halafu endelea kila mwezi angalau 3 mfululizo. Wazungu wanapumzika wakati wa baridi, sisi wa pwani joto na unyevunyevu ni mwaka mzima.

Kwa kununua, siku hizi naenda kliniki ya mifugo badala ya dukani. Bei iko juu kidogo, ila wanampandisha mbwa kwenye mzani kwanza na wananiuliza kama kuna paka ndani, hilo swali peke yake nawapa 9 kati ya 10 (moja nimeikata kwa foleni ya Jumamosi). Ukiwa mbali na kliniki, mpime nyumbani, panda mzani umembeba, kisha panda peke yako, toa. Dukani wengi wanauza pipeti mojamoja nje ya boksi, hapo karatasi ya maelezo hupati, kwa hiyo omba boksi lenyewe ulione, angalia tarehe ya kuisha muda na namba ya toleo, kisha lipige picha na simu pande zote, hasa ule upande wenye picha ya mnyama, kilo zake na kilichomo ndani. Akikataa kukuonyesha boksi, duka la pili haliko mbali.